Triathloni na watoto wakiwa nyumbani wiki kumi na mbili: mwongozo kamili wa mzazi wa shifti

Mwaka wangu wa kwanza wa triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo), shule zilipofunguliwa mwalimu wa binti yangu wa kati aliwaambia watoto wachore familia zao wakati wa likizo. Picha ikaja nyumbani. Mama yuko ufukweni mwa ziwa, dada mkubwa yuko ndani ya maji, kitinda mimba ameshika aiskrimu kubwa kuliko kichwa chake, na mimi nimelala kwenye sofa na helmeti kichwani. Sikuwahi kulala na helmeti, hilo naomba lieleweke, lakini kwa mengine yote mtoto hakukosea.

Sisi tunaishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, Wakenya tumejaa huku. Mke wangu ni nesi, mimi nafanya shifti za usiku za saa kumi na mbili. Asiyekaa Minnesota huenda asielewe shida iko wapi, kwa hivyo nieleze kidogo: msimu wa baridi maziwa yanaganda mpaka watu wanaendesha magari juu ya barafu, halafu joto likija kila mtu anataka kuingiza maisha yake yote kwenye wiki kumi na mbili. Shule zinafungwa mwanzo wa mwezi wa sita, zinafunguliwa karibu na Siku ya Wafanyakazi ya huku, ile Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa. Hapo katikati kuna sherehe za watoto waliomaliza high school kila Jumamosi, kuna harusi, kuna harambee, kuna nyama choma kwa fulani, kuna safari ya kwenda Mombasa kumuona mama. Na triathloni nayo ni hapohapo, manake mwezi wa kwanza utaogelea wapi, kwenye barafu?

Mimi nimefanya msimu wa nne sasa na nyumba bado imesimama. Nilichogundua ni kwamba mke wangu hakuwa anakasirishwa na saa nane za mazoezi kwa wiki. Alikuwa anakasirishwa na kutojua. Hajui natoka saa ngapi, hajui narudi saa ngapi, hajui nikirudi nitakuwa mtu au gogo. Haya yote ya chini yametoka hapo.

Hatua ya 1: Chagua mashindano ukiwa na kalenda ya shule mkononi

Kwa wageni, umbali ni huu. Sprinti ni kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia 5. Ile ya Olimpiki ni mara mbili yake, kilomita 1.5, 40 na 10. Nusu ni 1.9, 90 na 21.1, jumla kilomita 113. Nzima ni 3.8, 180 na marathoni kamili ya 42.2, na kama una watoto wadogo watatu na shifti za usiku, hiyo nzima iache kwanza, nakuambia kama ndugu yako.

Kosa la watu wengi ni kuangalia tarehe ya mashindano tu. Siku ya mashindano ni siku moja, itapita. Angalia zile wiki sita mpaka nane za kabla yake, hapo ndo mazoezi yanakuwa mazito, halafu jiulize hizo wiki zinaangukia wapi. Ile nusu ikiwa mwezi wa tisa inasikika vizuri kwa sababu watoto wamerudi shule, lakini mazoezi yake mazito yanakula mwezi wa saba na wa nane wote, yaani likizo yenyewe. Ikiwa katikati ya mwezi wa sita ni kinyume, wiki nzito ziko mwezi wa nne na wa tano watoto wakiwa darasani, na baridi yote ulikuwa garajini kwenye stendi ya kuendeshea baiskeli ndani unatazama ukuta. Ni mateso, sitakudanganya, lakini mwezi wa sita ukiisha una likizo nzima mbele yako na miguu iko fiti.

Kwa hivyo mpango wangu siku hizi: shindano moja kubwa mwezi wa sita, kisha kiangazi chote ni sprinti moja au mbili za karibu na nyumbani, ambazo saa nne na nusu asubuhi nishamaliza na niko kwenye foleni ya donati na watoto. Sprinti haitaki zaidi ya saa tano kwa wiki kama msingi unao. Kubwa moja tu. Ukiweka mbili zote zikiwa kubwa, utaanza kubishana na mtu kuhusu harusi ya binamu yake.

Hatua ya 2: Hesabu saa zako kwa ukweli

Tulivyo sisi, mtu anasema "naenda kuogelea saa moja tu". Saa moja ya maji ni dakika ishirini za kuendesha gari, kumi za kuvaa ile suti ya mpira inayobana kama deni, saa moja yenyewe, kumi za kuivua, tano za kupiga stori na yule mzee ambaye kila siku yupo, ishirini za kurudi. Hapo ni saa mbili na dakika tano. Mkeo haoni saa moja, anaona saa mbili na dakika tano, na ana haki.

Chukua wiki moja andika muda wa mlango hadi mlango, siyo muda wa saa ya mkononi. Mimi nilijiona nafanya saa nane, nikakuta ni kumi na mbili. Nilichofanya ni kupunguza kusafiri badala ya kupunguza mazoezi: kukimbia naanzia mlangoni, baiskeli ya katikati ya wiki iko garajini, na kuogelea ndo peke yake kunakotaka gari.

Hatua ya 3: Chai ya Jumapili na karatasi ya frijini

Kila Jumapili jioni, watoto wakishaoga, tunakaa na mke wangu dakika ishirini na chai. Simu zinawekwa kando isipokuwa ya kuangalia ratiba ya shifti. Karatasi moja ya wiki, kalamu tatu. Kwanza tunaandika kazi, zake na zangu. Pili tunaandika mambo ya familia, daktari wa meno, sherehe ya nani, darasa la kuogelea la watoto. Tatu anaandika zake yeye. Mwisho kabisa, kwenye nafasi nyeupe zilizobaki, naandika zangu, na kila moja ina saa ya kutoka na saa ya kurudi. Karatasi inabandikwa kwenye friji ambapo hata mtoto wa miaka mitano anaweza kuuliza "baba leo ni rangi ya kijani?"

Nilijaribu kalenda ya simu ya kushea. Haikufanya kazi. Kila mtu anaona ya kwake na hakuna anayezungumza.

Sheria moja ya karatasi: muda wa kurudi ongeza nusu saa. Hii nimejifunza vibaya. Mwaka juzi Jumamosi moja nilisema narudi saa tatu, tulikuwa na sherehe ya mtoto wa rafiki saa tano na mke wangu alikuwa amepika pilau ya watu arobaini inayotakiwa kubebwa na watu wawili. Njiani nikapata pancha. Chubu ya akiba ninayo, lakini ni ya baiskeli ya zamani, valvu yake fupi, haitokezi kwenye rimu. Simu ina asilimia tatu. Nikatembea na viatu vya baiskeli, vile vya chuma chini, ko ko ko kama mbuzi kwenye sakafu ya marumaru. Nilifika nyumbani saa tano kasoro kumi, sufuria imeshakaa kwenye gari, watoto wamefunga mikanda, mke wangu anaangalia mbele kama hanioni. Hakusema kitu njia nzima. Ningependa angesema.

Tangu siku hiyo: chubu mbili za saizi sahihi, pampu ndogo, simu imejaa chaji, na nikisema saa tatu na nusu nikaja saa tatu, mimi ndo shujaa.

Hatua ya 4: Tumia alfajiri, lakini lala

Huku mwezi wa sita jua linachomoza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri na linazama saa tatu usiku. Sisi tuliozaliwa Pwani tumezoea jua linalojua adabu, saa kumi na mbili limetoka, saa kumi na mbili limeingia, hili la huku mwanzo lilinichanganya mpaka nikaona ni zawadi. Watoto wa likizo hawaamki kabla ya saa mbili. Ukitoka saa kumi na moja na nusu, una saa mbili na nusu mpaka tatu ambazo hakuna mtu anayezihitaji.

Wiki yangu ya kawaida ya kiangazi, nisipokuwa na shifti mfululizo, iko hivi: Jumanne baiskeli garajini kwa saa moja. Jumatano ziwani, Nokomis au Cedar, bodi ya mbuga ya Minneapolis ina klabu ya kuogelea ziwani yenye maboya na walinzi kwa hivyo sikai na wasiwasi wa kuogelea peke yangu. Alhamisi kukimbia dakika 45 kutoka mlangoni. Ijumaa naogelea dakika 45 kwenye leni wakati watoto wako darasani kwenye bwawa lilelile. Jumamosi ndo siku ndefu, baiskeli kwa saa mbili na nusu halafu papo hapo dakika ishirini za kukimbia ili miguu izoee ule uzito wa kushuka kwenye baiskeli. Jumapili nakimbia polepole na binti mkubwa yuko kando yangu kwa baiskeli. Inakuja kama saa saba hivi, na nyingi ni za mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima, manake ukiziumiza zote utarudi gogo, na gogo ndo lililochorwa kwenye ile picha.

Sasa hapa kuna kitu watu wa shifti tunajidanganya. Asubuhi ya kutoka kazini usiku kucha usipande baiskeli barabarani. Unajiona uko macho, hauko. Lala. Na kama alfajiri yako inamaanisha umelala kwa saa nne tu, hiyo alfajiri ifute, bora ukose zoezi kuliko umfokee mtoto kwa sababu amemwaga maziwa.

Zoezi likipotea limepotea. Usilihamishie kesho, kesho ina yake. Wiki ikibomoka, mimi naokoa baiskeli ndefu na kuogelea kumoja, mengine naacha yaende.

Hatua ya 5: Saa za mwenzako zije kwanza, na zisiitwe msaada

Hii ni fupi. Kama wewe una saa tatu Jumamosi alfajiri, yeye ana saa zake tatu na hazina masharti. Asiulizwe anaenda wapi, asipigiwe kuulizwa dawa ya mtoto iko kabati gani. Mke wangu Jumapili mchana anaenda kwa rafiki zake wanasukana, saa zingine wanalala tu. Na usiseme "nitakusaidia na watoto", ni watoto wako.

Ukirudi kutoka mazoezini una dakika kumi na tano za kuoga, halafu mambo ya jikoni ni yako. Mimi kifungua kinywa cha Jumamosi ni changu chote, mahamri nakanda Ijumaa usiku, mbaazi nachemsha mapema, Jumamosi saa tatu na nusu kila mtu mezani. Watoto sasa wanajua baba akienda baiskeli kuna mahamri, na kuna siku wameniuliza kwa nini siendi.

Hatua ya 6: Kuwachanganya watoto na mazoezi, kinachofanya kazi na kisichofanya

Kukimbia na mtoto kwenye baiskeli kando: inafanya kazi kuanzia kama miaka saba, mzunguko wa ziwa Nokomis ni kama kilomita nne na nusu na njia ya baiskeli iko mbali na magari. Kubali mwendo wake, atasimama kuangalia bata. Siku hiyo usiweke zoezi la kasi.

Kigari cha kuvuta nyuma ya baiskeli: kizuri kwa wadogo waliopita mwaka mmoja, helmeti kichwani, kwenye njia za baiskeli tu, na hesabu kilomita kumi kuwa zoezi kamili manake upepo ukija unavuta nyumba.

Kile ambacho hakifanyi kazi kabisa na naomba usome hapa taratibu ni kuogelea mazoezi huku wewe ndiye unayewaangalia watoto majini. Usifanye. Ukiweka uso ndani ya maji huoni na husikii, na mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu, anakuwa kimya. Ziwani sisi tuna sheria ya mtu mmoja: mtu mzima mmoja kazi yake ni kuangalia tu, hashiki simu wala hageuzi nyama, akichoka anamwambia mwingine kwa jina "shika wewe" na mwingine anajibu "nimeshika". Kabla ya kwenda angalia pia kama ufukwe uko wazi, bodi ya mbuga inapima maji kila wiki wakati wa msimu na joto likizidi kuna ule mwani wa kijani-bluu ambao haufai kwa mtoto wala mbwa. Radi ikinguruma tokeni wote, na subirini nusu saa tangu mngurumo wa mwisho.

Tukienda kupiga kambi kaskazini, baiskeli inabaki. Nabeba viatu, miwani ya kuogelea na boya la rangi ya chungwa la kufunga kiunoni. Mke wangu anapiga kasia kwenye mtumbwi kando yangu na watoto wamevaa maboya ya kifuani, hapa Minnesota mtoto chini ya miaka kumi ni sheria chombo kikiwa kinatembea. Nusu saa naogelea, wao wananihesabia mikono na kunizomea. Ndo kuogelea ninakokupenda kuliko kote.

Hatua ya 7: Safari ya nyumbani

Kila baada ya miaka miwili tunaenda Mombasa wiki tatu za mwezi wa nane. Mwaka wa kwanza wa triathloni nilitaka kubeba baiskeli. Nilivyoona gharama ya lile boksi na jinsi mke wangu alivyoniangalia (mabegi yale yalikuwa ya viatu vya wapwa na vitamini za mama), nikaacha. Sawa tu. Wiki tatu bila baiskeli hazikuui, ukikimbia mara tatu kwa wiki na kuogelea kidogo utarudi na pumzi yako, miguu ya baiskeli itadai wiki mbili za kuamka.

Siku nne tano za kwanza usifanye kitu. Tofauti ni saa nane, mwili haujui ni usiku au mchana. Baadaye kimbia saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali na kabla magari hayajajaa. Kuogelea ni habari nyingine, huku ni ziwa limetulia, kule ni bahari na mwezi wa nane kusi linavuma. Panga kwa maji, siyo kwa saa: kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, na wakati wa bamvua (zile siku maji yanajaa na kupwa sana) yakipwa utatembea kwenye mchanga na miiba mpaka uchoke hujapata maji ya kiuno. Ogelea yakiwa yanajaa, ndani ya mwamba, na umuulize mvuvi kwanza. Mvuvi anajua kuliko apu yoyote.

Na ujiandae kwa maswali. Mama aliniona narudi nimelowa jasho asubuhi akaweka ufagio chini, "Mwanangu, nani anakufukuza?" Nikamwambia ni mazoezi. Akasema nikimaliza nikamchotee maji, hayo nayo ni mazoezi. Nikachota ndoo sita.

Mashindano usiweke ndani ya wiki tatu baada ya kurudi. Nimejaribu, kilomita ya tatu ya kukimbia nilikuwa naongea na miti.

Hatua ya 8: Siku ya mashindano

Usiwaamshe watoto saa kumi alfajiri waje kukuangalia unapaka mafuta shingoni. Sprinti nyingi zinaanza kama saa moja asubuhi, wewe nenda peke yako mapema, wao waje baadaye wakiwa wameshakula. Wasijisumbue kukutafuta kwenye kuogelea, wote mmevaa suti nyeusi na kofia rangi moja, kitinda mimba wangu alishangilia baba wa mtu mwingine mpaka akatoka majini. Waambie wasimame kwenye kukimbia, sehemu ya mzunguko ambapo utapita mara mbili, karibu na choo na kivuli. Waandikie makadirio ya saa zako kwenye karatasi, haraka na polepole, ili wasikae wakidhani umezama.

Sisi mke wangu anafunga leso kwenye uzio ili nijue wako wapi. Mwaka jana alileta iliyoandikwa "polepole ndio mwendo". Nilikuwa nimebakiza kilomita moja na nusu, napumua kama treni ya zamani ya Voi, nikaiona. Sikujua ni pongezi au masengenyo.

Ukimaliza, medali mpe mtoto, usisimulie mgawanyo wa kila kilomita ndani ya gari, mchana huo uko wao. Na jambo la mwisho: waandaaji watakutumia ujumbe wa bei ya mapema ya mwakani siku hiyohiyo, ukiwa bado umelowa na furaha imejaa kichwani. Funga simu. Subiri Jumapili, peleka kwenye chai, uone hiyo tarehe mwakani ina harusi ya nani.